Silikanti wa Tanga Hawezi Kuwa Shahidi Wenu

Hapa Elerai, na nadhani Arusha nzima, kuna hoja moja inayopita kila mahali bila kupingwa. Inasema hivi: samaki hajawahi kutoka majini akawa mnyama wa nchi kavu, maana hakuna mtu aliyewahi kuonyesha kisukuku cha samaki aliye njiani kuota miguu, na kama mnabisha, mtazameni silikanti wa Tanga, samaki ambaye wataalamu walisema alitoweka pamoja na dinosau, kumbe yu hai, ana mapezi yaleyale, hajaota hata ukucha. Utaisikia kijiweni kwa bodaboda, utaisikia watu wakitoka ibadani, na utaisikia hata kwa wanafunzi wa Kidato cha Nne, ambao kwa miaka mingi mada ya mageuko ya viumbe imekuwa sehemu ya masomo yao ya baiolojia.

Hoja hiyo ni ya uongo mwanzo hadi mwisho. Visukuku vya viumbe walio kati ya samaki na wanyama wa miguu minne vipo, tena vingi. Naye silikanti, mtu akikaa chini akamchunguza kwa haki, anatoa ushahidi ulio kinyume kabisa na ule anaolazimishwa kuutoa.

Nianze naye, kwa kuwa ni wa kwetu. Desemba 1938 meli ya uvuvi ilitua bandari ya East London, Afrika Kusini, ikiwa na samaki wa buluu mwenye urefu wa mita moja na nusu ambaye nahodha hakumtambua. Msimamizi wa makumbusho ya mji huo, Marjorie Courtenay-Latimer, alimwona, akamchora, akamwandikia mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith. Smith akatambua kwamba mbele yake kuna samaki wa kundi lililojulikana kwa visukuku tu, ambalo halikuonekana kwenye miamba yoyote iliyo changa kuliko miaka milioni 66 hivi. Wa pili alipatikana 1952 Nzuani, Visiwa vya Komoro, na hapo ikadhihirika kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua siku zote, wakimwita gombessa. Mwaka 2001 alinaswa Malindi, 2003 Songo Mnara kule Kilwa, na kuanzia 2004 jarife za papa zikaanza kuwaleta juu silikanti wengi wa Tanga, hata mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Hii ni fahari ya nchi. Naumia kuona fahari hiyo ikigeuzwa kuwa rungu la kuwapigia watoto wasifikiri.

Wanasema hajabadilika. Nauliza: wamemlinganisha na nani? Visukuku vya kundi la silikanti vinaanzia zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na ndani yake mna samaki wa maumbo yasiyofanana hata kidogo. Wapo walioishi kwenye maji matamu. Wapo majitu makubwa. Yupo Rebellatrix wa Kanada, aliyekuwa na mkia wa panda kama wa jodari, dalili ya mwindaji mwenye mbio, wakati silikanti wetu ni wa kuelea polepole mbele ya mapango ya bahari. Silikanti aliye hai, Latimeria, hajapatikana kama kisukuku mahali popote. Jenasi yake haimo katika miamba ya kale. Anayesema samaki huyu ni yuleyule wa enzi za dinosau anasema jambo ambalo hakuna jiwe linalomuunga mkono. Ni kweli kwamba jeni zake zimebadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu, na mtafiti mwaminifu hawezi kulificha hilo. Lakini polepole bado ni mwendo. Mwaka 2011 watafiti wa Japani wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, walionyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa pwani yetu ni jamii iliyokwisha kutengana kivinasaba na wenzao wa Komoro. Wale wa Indonesia, waliotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ni spishi nyingine kabisa.

Kuna jambo jingine tumboni mwake ambalo wanaomtumia kama shahidi hawalitaji. Silikanti ana pafu. Utafiti uliochapishwa 2015 ulifuatilia ukuaji wake tangu kijusi, ukaonyesha kwamba pafu linaanza kuchipua likiwa na nafasi yake mwilini, kisha linadumaa, na kwa samaki mzima limebaki kifuko kidogo kisicho na kazi ya kupumua, kikiwa kimezungukwa na mafuta. Samaki anayeishi mita mia na zaidi chini ya bahari ana kazi gani na pafu? Anayeamini kwamba silikanti hajawahi kubadilika ana wajibu wa kulijibu swali hilo, nami sijasikia jibu.

Na ndani ya mapezi yake ya pembeni kuna mifupa. Pezi la perege ni nyuzi tu zilizotandazwa. La silikanti lina shina nene la nyama na mfupa mmoja unaoungana na bega, kama mkono wako unavyoanza na mfupa mmoja kutoka begani. Jenomu yake iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2013, watafiti walichukua kipande kimoja cha vinasaba chenye kazi ya kuwasha jeni, wakakiingiza kwenye kijusi cha panya. Kikawasha kazi mahali palepale mikono na miguu ya panya inapochipuka. Amri ya samaki ilieleweka ndani ya mwili wa mnyama wa nchi kavu.

Hapa lazima niseme na watu wa upande wangu pia, maana kosa hili wameshiriki kulipanda. Magazeti na vipeperushi vya utalii vimemwita silikanti babu wa binadamu. Si babu yetu, wala haiwezekani awe babu yetu kwa sababu yu hai leo pamoja nasi. Ni binamu, tena kwa mujibu wa utafiti uleule wa 2013 si binamu wa karibu zaidi. Aliye karibu nasi kuliko yeye ni kamongo. Ukishamtangaza silikanti kuwa babu, unamfungulia mlango mtu wa kuuliza, kama samaki waligeuka, mbona samaki bado wapo? Swali hilo lina jibu ambalo kila mkazi wa Elerai analo nyumbani kwake. Wengi wetu hapa ni watoto wa wahamiaji: babu mmoja alitoka Marangu au Same au Mbulu akaja kutafuta maisha Arusha, ndugu yake akabaki. Wajukuu wa aliyebaki wapo mpaka leo, wanalima palepale. Hakuna anayewatumia kuthibitisha kwamba babu wa Elerai hakuhama.

Kamongo ningependa ajulikane Arusha kama anavyojulikana Mwanza, Musoma na Bukoba. Ana matamvua, lakini yamedhoofu. Kamongo mzima akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa, anakufa kwa kukosa pumzi akiwa ndani ya maji. Ana mapafu mawili. Ndugu zake wa maeneo yanayokauka hujichimbia kwenye tope, wakajifunika ganda la ute uliokauka, wakalala hivyo miezi mingi mpaka mvua irudi. Mapezi yake ni membamba kama kamba, na hata hivyo mwaka 2011 watafiti wa Chicago waliwarekodi kamongo wa Afrika Magharibi wakitembea juu ya sakafu ya tangi kwa mapezi ya nyuma, wakipishanisha kushoto na kulia, na mara nyingine wakirusha yote mawili kwa pamoja. Hawa ni samaki. Hawajaota vidole, hawana mpango wa kuota vidole, na wanapumua hewa na kupiga hatua. Kwa hiyo anayedai kwamba samaki hawezi kupumua hewa wala kutembea anakanushwa na kitoweo cha Kanda ya Ziwa.

Sasa visukuku vyenyewe, maana ndipo penye kiini cha ubishi.

Kabla ya miaka ya karibuni ilikuwa inajulikana hivi. Upande wa samaki kulikuwa na Eusthenopteron wa Kanada, wa takriban miaka milioni 385, samaki kamili, lakini ndani ya pezi lake kuna mfupa mmoja wa juu ukifuatwa na miwili, mpango uleule wa mkono wako. Kulikuwa na Panderichthys wa Latvia, mwenye kichwa bapa na macho juu. Upande wa pili kulikuwa na viumbe wa Greenland, wa takriban miaka milioni 365: Ichthyostega, aliyeelezwa 1932, na Acanthostega, ambaye mifupa yake bora ilikusanywa mwaka 1987 na msafara wa Jenny Clack wa Cambridge. Acanthostega alikuwa na miguu minne na vidole vinane katika kila mkono. Pia alikuwa na matamvua ya ndani na mkia wenye pezi pana, na mikono yake haikuwa na kifundo cha kubeba uzito. Alikuwa mnyama wa maji mwenye vidole.

Naomba msomaji akae hapo kidogo, kwa sababu mnyama huyu anaivunja picha ambayo wapinzani wanaichekea, na ambayo baadhi ya vitabu vyetu vya shule viliichora: samaki amekwama ufukweni, anajikokota, miguu inamwota kwa kuhitaji kutembea. Miguu haikuota nchi kavu. Iliota majini, kwenye mito na vinamasi vyenye kina kifupi na magugu mengi, ambako kiungo cha kusukumia na kushikia chini kilikuwa na faida kuliko pezi la kupigia mbio. Nchi kavu ilikuja baadaye, kwa viumbe ambao tayari walikuwa na mapafu na miguu kwa sababu nyingine. Yule samaki wa kujikokota ufukweni ambaye watu wanamkejeli hayumo katika sayansi. Kumpinga yeye ni kupigana na mtu asiyekuwepo.

Pengo lilibaki kati ya samaki wa miaka milioni 380 na wanyama wa miguu wa milioni 365. Hapo ndipo wataalamu wa visukuku Neil Shubin, Ted Daeschler na wenzao walipofanya jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Walisema: kama mageuko ni kweli, kiumbe wa katikati anapaswa kuwa kwenye miamba ya umri wa katikati, iliyotokana na mchanga na tope la mito. Wakatafuta kwenye ramani za jiolojia wapi duniani kuna miamba ya namna hiyo iliyo wazi na ambayo haijachimbwa na watu wa visukuku. Ramani ikawapeleka visiwa vya aktiki vya Kanada. Walianza safari mwaka 1999, kwenye baridi na upepo, majira ya kiangazi ya wiki chache tu. Walirudi mikono mitupu, au na mifupa isiyo ile. Mwaka 2004, kisiwani Ellesmere, pua ya mnyama ikaonekana imechomoza kwenye ukingo wa mwamba.

Wazee wa Kiinuiti wa Nunavut waliombwa jina, wakatoa Tiktaalik. Matokeo yalichapishwa Aprili 2006. Mnyama mwenye magamba na mapezi kama samaki. Kichwa bapa kama cha mamba, macho juu. Shingo, kitu ambacho samaki hana, maana mabega yameachana na fuvu na kichwa kinageuka peke yake. Mbavu pana zinazobebana. Na ndani ya pezi, bega, kiwiko, na mifupa midogo mahali pa kifundo cha mkono. Mwaka 2014 wakaeleza nyonga yake, kubwa kuliko ya samaki yeyote wa kundi lake. Umri wake ni takriban miaka milioni 375.

Wale wanaosema visukuku ni kubuni baada ya tukio, wanijibu hili. Watu walitaja kiumbe kabla ya kumwona. Walitaja umri wa mwamba na aina ya mwamba, wakaenda mahali ambapo hakuna aliyewatangulia kuchimba kwa ajili hiyo, wakamkuta. Nadharia ya uongo inawezaje kuelekeza mtu mpaka kwenye jiwe? Mpaka leo sijapata mtu wa upande ule aliyetumia hoja yake kutabiri kisukuku kimoja.

Wasomi zaidi miongoni mwao wana jibu, nami nalitaja kwa kuwa ni la heshima kuliko mengine. Mwaka 2010 zilitangazwa nyayo kutoka Zachełmie, Poland, zinazodaiwa kuwa za mnyama wa miguu minne, zenye umri wa miaka milioni 390 hivi, yaani kabla ya Tiktaalik. Basi, wanasema, Tiktaalik ameanguka. Kuna wataalamu wanaobisha kama nyayo zile ni za miguu kweli. Lakini tuzikubali. Zinachobadilisha ni tarehe ya kuanza kwa safari: ilianza mapema kuliko tulivyodhani, na Tiktaalik ni mmoja wa waliobaki na umbo la katikati baada ya wenzao kusonga. Hakuna mtafiti makini aliyesema kwamba yule mnyama mmoja wa Ellesmere ndiye mzazi wetu sote. Wote wawili, mwenye nyayo na mwenye shingo, wanakubaliana kwamba kulikuwa na viumbe wa katikati, na hicho ndicho kilichokanushwa kijiweni.

Basi mbona havipatikani kwetu? Hili huulizwa kwa dharau, kana kwamba jambo lisilochimbwa Arusha halikutokea. Tunakaa juu ya Mlima Meru. Chini ya Elerai ni majivu na miamba ya volkano, mali ya mlima uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Kijiolojia ni vitu vya jana. Kutafuta hapo samaki wa miaka milioni 375 ni kazi bure hata ukichimba mwaka mzima. Na katika Tanzania yote zama za Devoni, ndizo zama za viumbe hawa wa katikati, zimeangukia kwenye pengo: mawe ya Mwanza ni ya miaka zaidi ya bilioni mbili, na miamba ya Ruhuhu kule kusini, yenye wanyama kama Asilisaurus kongwe aliyetangazwa 2010, inaanza baada ya Devoni kwisha. Samaki wa kale tunao, wale wa Mahenge, Singida, waliozikwa kwenye ziwa la kreta miaka milioni 46 hivi iliyopita, ila ni wachanga mno kwa ubishi huu. Afrika lakini haikunyimwa. Karibu na Makhanda, Afrika Kusini, Robert Gess aliokoa mawe yaliyokuwa yakikatwa kwa ajili ya barabara, na mwaka 2018 yeye na Per Ahlberg wakatangaza kutoka humo wanyama wawili wa miguu minne wa mwisho wa Devoni, wa takriban miaka milioni 360. Mmoja wamempa jina la Askofu Mkuu Desmond Tutu: Tutusius.

Linabaki suala la umri, na hapa watu wa Arusha tuna kisingizio kidogo kuliko wengine. Mkoa wetu una Olduvai na Laetoli. Kijana wa hapa anayefanya kazi ya kuongoza watalii anawaeleza wageni nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa 1978, na anataja miaka milioni 3.6 bila kusita. Mshahara wake, ada ya mtoto wake, vinatokana na namba hiyo. Namba imetoka wapi? Mwamba wa volkano unapoyeyuka, gesi ya agoni iliyomo inatoka. Unapoganda, potasiamu nururifu iliyomo inaendelea kuoza kwa mwendo usioyumba, nusu yake kila miaka bilioni 1.25, na sehemu ya inayooza inageuka agoni. Unapima agoni iliyokusanyika, unajua muda uliopita. Kwa njia hii majivu ya Olduvai yalipimwa, na mwaka 1961 ikatangazwa kwamba fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, lina miaka milioni 1.75. Louis Leakey mwenyewe alikuwa amekadiria kama laki sita. Kipimo hakikumfuata mkubwa, kilimkosoa. Kwa miamba ya Devoni hutumika urani inayogeuka risasi ndani ya chembe za zirkoni, na mahali pasipo na majivu, kama Ellesmere, hutumika spora za mimea ya kale zilizooanishwa na miamba iliyopimwa kwingine. Madini ni mengine, kanuni ni ileile. Mtu hawezi kuipokea saa hiyo ya miamba kule Ngorongoro kwa dola za watalii, kisha akaikataa Elerai mbele ya mwanawe.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa imani. Naiheshimu hofu hiyo, lakini haina msingi kama inavyodhaniwa. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1996 kwamba mageuko yamekwisha kuwa zaidi ya dhana tu, na hakuacha kuwa Papa. Waumini wengi wa madhehebu mengine na Waislamu wengi ni wanasayansi wa mambo haya. Anayemwambia kijana achague kati ya Mungu wake na mfupa ulio mezani anamfanyia kijana huyo ukatili, kwa sababu mfupa hautaondoka.

Mwalimu wa baiolojia unayesoma haya, acha kuifundisha mada hii kwa sauti ya kuomba radhi, ukisema wazungu wanadai hivi. Wapeleke wanafunzi Makumbusho ya Elimu Viumbe pale kwenye Boma la Wajerumani, kisha rudi nao darasani na ramani ya dunia, uwaonyeshe Ellesmere, Greenland na Makhanda. Na mzazi mwenye ndugu Mwanza au Musoma, mwombe akuletee kamongo, mpasue mbele ya wanao, uwaonyeshe kifuani. Ni samaki, ana magamba, ana matamvua. Na mapafu yake mawili yanaonekana kwa macho matupu.